Asibaki Hata Mmoja

Viatu vya Lulwa vilikuwa vimegeuzwa.

Selipher aliviona asubuhi alipokuwa akipita mlangoni kwenda jikoni. Vilikuwa viatu vyeupe vya mtoto wa miaka minne, vimewekwa sambamba juu ya zulia dogo, ncha zikielekea nje. Jana jioni alikuwa ameviweka yeye mwenyewe, ncha zikielekea ndani, kama alivyofanya kila siku. Akaviinamia, akavigeuza, akaenda kuchemsha maziwa. Aliporudi na kikombe mkononi, viatu vilikuwa vimeelekea nje tena, na kimoja kilikuwa kimelowa kisigino.

Alikiokota, akakinusa. Maji ya bomba ya Riyadh yana harufu ya dawa. Haya yalinukia mawe ya kivulini, yale yanayoota ukijani kwa kukosa jua. Selipher akatazama dirishani. Nje, mtaa wa Malaz ulikuwa mweupe kwa vumbi. Mvua ilikuwa haijanyesha tangu warudi safari.

Nyumba ilikuwa ghorofa ya tatu, ya Baba Mansur, mhandisi mpole asiyependa makelele, na mkewe Madam Hissa. Lulwa alikuwa mtoto wao wa pekee, na Selipher alikuwa yaya wake. Kabla ya kuja huku alikuwa mwalimu wa chekechea kwao Mbale, Vihiga, mpaka shule ilipofungwa. Ndiyo maana Dalmas, dereva wa nyumba hiyo na Mkenya mwenzake, alimwita Mwalimu. Lulwa alilidaka jina hilo kwa Dalmas, naye hakujua yaya wake ana jina jingine.

“Dalmas,” Selipher alimuuliza alipopanda kuchukua funguo za gari, “ni wewe unacheza na viatu vya mtoto?”

“Mimi? Mwalimu, vyangu tu vinanishinda kupata. Si ni wewe? Tangu mtoke Japani unapanga vitu ni kama umeandikwa hoteli.”

Selipher akacheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Ni kweli kwamba viatu hivyo vilimkumbusha Japani.

Walikuwa wamekwenda huko mwezi wa tatu, naye akachukuliwa kwa ajili ya mtoto. Siku moja Baba Mansur aliwalipia safari ya kutwa ya kuzungushwa kwenye mahekalu ya kale, katika mji mdogo wa pwani, na kiongozi wao alikuwa mama mmoja wa makamo aitwaye Bi Naoko, mwenye kibendera cha manjano na sauti ya upole. Aliwafundisha kama watoto wa darasa la kwanza, na Selipher akampenda kwa hilo. Mbele ya lango jekundu lisilo na ukuta aliwaambia wapite pembeni, maana katikati si njia ya watu. Kwenye birika la mawe aliwaonyesha kunawa mkono wa kushoto kwanza. Kwenye hekalu la pili walivua viatu, na walipotoka walivikuta vyote vimegeuzwa, ncha zikitazama nje.

“Hiyo ni heshima,” Bi Naoko alieleza kwa Kiingereza. “Kiatu kinachotazama nje ni cha mgeni ambaye safari yake haijaisha.”

Mwisho wa yote aliwapandisha kilima nyuma ya hekalu. Huko mvua nyembamba ilikuwa ikinyesha, na mteremko mzima ulikuwa umejaa sanamu ndogo za mawe, safu juu ya safu, kila moja na kitambaa chekundu shingoni kama bibu ya mtoto anayelishwa. Miguuni pa nyingine palikuwa na vikaragosi na peremende, na mahali pengi palirundikwa vijiwe, kimoja juu ya kingine. Bi Naoko alishusha sauti. Alisema kila sanamu iliwekwa na mzazi aliyepoteza mtoto kabla mtoto hajakua. Wazee wake walimwambia kwamba watoto hao ni wadogo mno kuvuka peke yao, kwa hiyo wanangoja, wakijenga minara ya vijiwe, mpaka mlinzi wao awapitie.

Madam Hissa alijifunika mdomo kwa ushungi, akasema yatosha, waondoke. Selipher alikuwa na begi la mtoto begani, mwavuli mkono huu na kigari kilichokunjwa mkono ule. Hakuwa na mkono wa kumshika Lulwa. Basi akafanya alilolifanya kila siku kwenye lango la shule yake huko Mbale, na alilomfundisha Lulwa wakitoka bustanini. Aligeuka akatazama kilima chote, akapaza sauti ya darasani.

“Nani anakwenda nyumbani?”

“Mimi!” akajibu Lulwa kwa Kiswahili.

“Asibaki?”

“Hata mmoja!”

“Shikaneni mikono. Asiachie mtu mpaka mwalimu aseme.”

Lulwa hakuwa na mwenzake. Aliunyoosha mkono wa kushoto pembeni, akacheka, akafumba vidole, akaanza kushuka ngazi. Na Selipher, kwa kulitamka lile neno nyumbani, hakuwa ameiona ghorofa ya Malaz hata kidogo. Alikuwa ameliona lango la kwao na binti yake Joy amesimama pale. Joy alikuwa na miaka mitano sasa, analelewa na bibi yake, na kila Ijumaa aliuliza kwenye simu, “Mama, unakuja lini?”

Bi Naoko alitaka kujua maana ya wito ule. Selipher alimweleza kwa fahari kidogo, mwalimu kwa mwalimu. Tabasamu la Bi Naoko lilibaki midomoni lakini likaondoka machoni. Alikigeukia kilima, akainama muda mrefu. Walipoingia kwenye basi alihesabu abiria, kisha akahesabu tena, kisha akamwambia dereva aende.

Sasa, mlangoni Malaz, Selipher alivigeuza viatu kwa mara ya tatu. Hakuvitazama tena. Alijiambia kuwa Lulwa alivichezea, maana watoto huchezea viatu.

Lakini tangu siku ile alianza kumchunguza mtoto kwa jicho la mwalimu, na jicho la mwalimu halipitwi na mengi. Lulwa alikuwa anatembea na mkono wa kushoto mbali kidogo na ubavu. Vidole vilikunjwa, lakini havikubana kama ngumi. Vilikunjwa kama vya mtoto aliyemshika mwenzake kwenye mstari. Alikula kwa mkono wa kulia tu. Akipita mlangoni alisogea upande, kama anayemwachia mtu nafasi. Akila tende, alizipanga kokwa zake juu ya meza moja juu ya nyingine, na kokwa zile, nyembamba na zenye kuteleza, zilisimama.

“Kiganja hiki kimepatwa na nini?” Madam Hissa aliuliza siku moja akimwogesha. Ngozi ya kiganja cha kushoto ilikuwa nyeupe na imekunjamana, kama iliyolowekwa mchana kutwa. Nacho kilikuwa baridi.

“Sijui, madam.”

“Mtoto huyu yuko mikononi mwako toka asubuhi mpaka usiku. Ukisema hujui, nani ajue?”

Madam hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mama anayemwona mtoto wake akipungua, na kwenye simu yake dada zake walikuwa wakimtumia kila siku visa vya mayaya waliofunga nywele za watoto katika vifundo vya uchawi. Akaanza kuvifungia vyakula. Akaanza kunusa vikombe. Selipher alipoingia chumbani, mazungumzo yalikatika. Alipotoka, alisikia mswaki wa Lulwa ukisuguliwa kwa maji ya moto. Naye Selipher, kwa upande wake, akaanza kumshuku kila mtu: akamshuku Dalmas kwa mizaha yake, akamshuku madam kuwa anatafuta sababu, na mara nyingine, alipokuwa akipanga viatu, akajishuku mwenyewe.

Katika nyumba za Riyadh, saa ya kutisha haikuwa ya usiku. Ilikuwa baada ya chakula cha mchana, wakati joto la nje linapopiga kuta, na madirisha yanafungwa kwa mapazia mazito meusi, na wote wanalala. Mchana mmoja, katika giza hilo, Selipher aliamshwa na sauti.

Ta.

Kisha kimya.

Ta.

Lilikuwa jiwe likiwekwa juu ya jiwe, kwa uangalifu, na mtu asiye na haraka. Selipher akaondoka kitandani pake bila viatu, akafuata ukuta wa ujia kwa kiganja, na vigae chini ya nyayo zake, ambavyo saa hiyo huwa vuguvugu, vilikuwa vya baridi, tena vimelowa, na kadiri alivyokaribia chumba cha mtoto ndivyo harufu ile ya mawe ya kivulini ilivyozidi, ikichanganyika na moshi wa udi usio wa Kiarabu, moshi mwembamba, mchungu, aliowahi kuunusa mahali pamoja tu katika maisha yake, hata alipousukuma mlango alikuwa anajua atakachokiona ingawa hakujua ni nini. Lulwa alikuwa amelala chali, usingizi mzito, mdomo wazi, na mkono wake wa kushoto ulining'inia nje ya kitanda, vidole vimekunjwa, ukipembea mbele na nyuma, mbele na nyuma, taratibu, kama mikono ya watoto wawili wanaosubiri kwenye mstari na mmoja wao amechoka kusubiri.

“Mwalimu,” Lulwa akasema, bila kufumbua macho. Kiswahili chake kilikuwa safi, chenye sauti nyembamba isiyokuwa yake. “Mwalimu, mama hajaja?”

Selipher aliwahi kuyasikia maneno hayo mara nyingi. Ndiyo yanayosemwa na mtoto wa mwisho langoni, jioni, wenzake wote wakiwa wameshachukuliwa.

“Umemwambia nini binti yangu?”

Madam Hissa alikuwa amesimama nyuma yake.

“Sijasema kitu, madam.”

“Nimesikia lugha yako.”

“Si mimi niliyesema.”

“Basi ni nani?”

Selipher alijua kwamba neno lolote atakalosema litamfunga. Macho yake yakaenda kwenye mkono wa mtoto. Madam aliyafuata macho hayo, akaona mkono unavyopembea, akapiga yowe.

Walipekua chumba cha Selipher saa hiyohiyo. Chini ya godoro lake walikuta mnara wa vijiwe vyeusi, umesimama wima, majimaji, na ukijani juu yake. Vijiwe kama hivyo hapakuwa navyo Riyadh nzima.

“Sihr,” madam alisema. Uchawi. Alilisema polepole, kama mtu anayetia sahihi. Akamnyang'anya simu.

Jioni Dalmas alimletea maji mlangoni, akanong'ona bila kumtazama. “Mwalimu, sikiza. Madam anataka polisi. Hilo neno amesema, hapa mtu anafungwa nalo mpaka anasahaulika. Hakuna ubalozi itakuskia.”

“Dalmas, naapa kwa Mungu, mimi…”

“Mi najua. Lakini mi nikijua itasaidia nini? Bosi ndiye amesema ngoja kwanza. Kesho tunaenda Jeddah kwa mamake, Ruwais. Kuna mama huko anasomea watu. Akisema ni wewe, halas, umeisha.” Akasita. “Na akisema si wewe, utamwona Joy.”

Waliondoka alfajiri. Baba Mansur alikaa mbele na Dalmas, madam na Lulwa kiti cha kati, nafasi moja tupu baina yao, na Selipher nyuma kabisa pamoja na mizigo. Barabara ilinyooka jangwani bila kona. Walipoiacha Riyadh nyuma, gari likaanza kulia: tin, tin, tin.

“Nini hiyo?” Baba Mansur aliuliza.

“Mkanda, bosi. Gari inasema kuna mtu hajafunga. Kiti cha kati.”

“Hakuna mtu kiti cha kati.”

“Ndiyo, bosi. Mafi mtu.”

Tin, tin, tin. Madam alijibana kwenye mlango. Kisha Lulwa, ambaye tangu asubuhi hakuwa amesema neno, akainama kwa upole kama dada mkubwa, akauvuta mkanda wa kile kiti kitupu, akaufunga. Gari likanyamaza. Jioni waliiona bahari.

Mama yake Baba Mansur aliishi Ruwais, nyumba ya zamani yenye ua mdogo, samaki wakinukia kutoka kwa majirani. Mwanamke wa kusomea alikuwa ameshafika. Aliitwa Bibi Zuwena, mfupi, mweusi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na alikuwa anabangua mbegu za maboga na kutema maganda ndani ya kopo. Alimsikiliza madam mpaka mwisho bila kuacha kubangua.

“Na mtoto anasema lugha ya yaya huyu,” madam akamalizia. “Unataka ushahidi gani tena?”

“Lugha hiyo ni ya mama yangu pia,” Bibi Zuwena akajibu. “Alizaliwa Unguja. Nami n'na sihr?”

Madam akamsogeza Lulwa mbele.

Bibi Zuwena aliweka kopo chini, akanawa, akamweka Lulwa mbele yake, akasoma. Alisoma kwa muda mrefu, sauti ya chini, akimpulizia mtoto kichwani. Lulwa hakulia wala hakuanguka. Alipepesa macho tu, na mkono wake ukapembea. Mwishowe akasema kwa ile sauti nyembamba, “Mwalimu, tumefika?”

Bibi Zuwena akafunga msahafu. Akawaambia wote watoke isipokuwa mtoto na Selipher.

“Hebu njoo, mwanangu. Ketini hapa. Huyu hakuvunja mlango. Huyu kaalikwa, na aliyealikwa hafukuzwi kwa kusomewa. N'ambie, ulimwitaje?”

Selipher alifumbua mdomo kusema hakumwita mtu. Kisha akamwona Lulwa amekaa, mkono pembeni, akingoja, na ndipo akakiona kilima kile, safu juu ya safu, na akajisikia mwenyewe akipaza sauti. Akaeleza yote huku machozi yakimtoka. Alirudia wito wake kwa kunong'ona, neno kwa neno.

“Nawe ulitazama wapi ulipoita?”

“Nilitazama kilima chote, bibi. Ni mazoea. Mwalimu hutazama watoto wote.”

“Na hilo neno nyumbani, moyo wako ulikuwa wapi? Riyadh?”

“La. Ulikuwa kwetu. Kwa mwanangu.”

“Basi huko ndiko anakokwenda. Ile nyumba ya Malaz kwake ni kituo tu, na huyu binti kamshika kwa sababu weye ulimwambia asiachie. Si viatu vinatazama nje?”

Selipher hakuwa amemwambia Bibi Zuwena habari za viatu. “Bibi,” alinong'ona, “ni mtoto kweli?”

“Sijui. Nawe usijifanye kujua.” Bibi Zuwena alimtazama juu ya miwani. “Jini hupenda sauti ya mtoto, maana nani atamfungia mtoto mlango? Huenda ni mtoto. Huenda ni kitu kilichokaa karibu na watoto hao miaka mingi, kikajifunza kulia kama wao. Kwa vyovyote, ulimwahidi.”

“Nimrudishe Japani?”

“Nani atakupeleka? Huyo mama hata maji ya mkono wako hanywi. Sikiliza. Mtoto huyu mwambie aachie sasa, kisha mkono wa huyo mgeni ushike weye. Nitamwambia bwana kwamba huna hatia ila usilale tena chini ya dari yake, akupe ruhusa ya kutoka, uende kwenu. Mkono utakaomshikia usimpe mtu, hata kwa salamu. Ukikaribia kwenu, kabla mtu yeyote wa nyumba hajakupokea, simama njiani umwachie, kwa sauti yako ya darasani. Akiwa njiani, weye ni mwalimu wake, atakutii, atashika njia yake. Lakini akishapokelewa, amefika. Na aliyefika nyumbani, mwanangu, hana mwalimu.”

Walitoka hadi uani. Baba Mansur na mkewe walisimama ukumbini, nyuma ya kioo. Lulwa alisimama kwenye vigae, mkono wake nje. Selipher alijifuta uso, akasimama wima. Sauti yake ilitetemeka neno la kwanza tu.

“Watoto. Achieni mikono.”

Vidole vya Lulwa vilifunguka kimoja kimoja. Akautazama mkono wake kana kwamba umerudi kutoka mbali, kisha akaangua kilio kikubwa cha kawaida, cha mtoto mwenye njaa, na Madam Hissa akauvamia mlango wa kioo, akambeba. Selipher alinyoosha mkono wake wa kulia, kiganja wazi. Hakuona kitu. Lakini kitu kidogo, chembamba, cha baridi kama maji ya mtungi, kiliingia kiganjani mwake, kikajikunja humo.

Aliondoka kwa ndege kutoka Jeddah. Dalmas ndiye aliyempeleka uwanjani, akambebea begi, maana Selipher alikuwa na mkono mmoja tu wa kufanyia kazi. Mwingine aliufunga ndani ya leso na kuubana kifuani.

“Umeumia?”

“Ni baridi tu.”

“Baridi? Jeddah?” Dalmas alicheka, kisha akaacha. “Madam amesema nikurudishie simu. Na Lulwa anakula, unaskia? Jana amekula wali mpaka akaomba ya bosi.”

“Asante, Dalmas. Umenitendea wema.”

“Bado. Kuna moja nimekufanyia, utaiona ukifika.”

Hakuuliza ni wema gani. Alikuwa anasikia, ndani ya leso, vidole vidogo vikimkaza kila ndege zilipounguruma.

Hakumwambia mtu wa kwao siku ya kufika. Aliyapanga yote kichwani, kama anavyopanga somo. Angeshuka Mbale, asipite sokoni, afuate njia ya chini, kando ya vichaka vya chai, mpaka penye jiwe kubwa lililo mbali na lango. Pale angesimama, aseme maneno yale, angoje mkono upate joto. Ndipo angekwenda nyumbani kumkumbatia Joy kwa mikono yote miwili.

Alasiri ilikuwa ya jua zuri. Aliliona jiwe. Akaburuta begi mpaka pale, akaliweka chini, akaanza kuifungua leso kwa mkono wa kushoto. Ndani yake vidole vya baridi vilitulia, vikingoja kuambiwa. Selipher akavuta pumzi.

“Mama!”

Joy alitoka nyuma ya jiwe. Alivaa gauni la kanisani na soksi nyeupe, na nyuma yake bibi yake alikuwa anakuja akipunga, akicheka, akisema kwa sauti kwamba yule kijana wa dereva, Dalmas, mtoto wa watu, alikuwa amepiga simu kuwaambia waje wampokee, asitembee peke yake na mizigo, nao wakamwona kwa mbali akishika njia ya chini.

“Joy, simama! Usinishike!”

Lakini mtoto ambaye hajamwona mama yake muda mrefu hasikii neno kama hilo. Joy aliruka, akaushika ule mkono wa kulia kwa mikono yake miwili, akauchomoa kutoka kwenye leso, akaubusu.

Na mkono wa Selipher ukapata joto. Lilianzia kwenye vidole, likapanda polepole mpaka kwenye kiwiko, joto zuri kama la jua la kwao, ambalo mkono huo haukuwa nalo tangu Ruwais.

“Achieni mikono,” alisema.

Ilikuwa sauti ileile ya darasani. Joy akacheka, akamwachia mara moja, mtoto mtiifu. Mkono wake wa kulia ukainuka kujifuta uso. Wa kushoto haukuinuka. Ulibaki mbali kidogo na ubavu, vidole vimekunjwa, ukipembea mbele na nyuma.

“Achieni mikono!”

“Mama,” Joy akauliza, “mbona unatusemesha kama tuko shule?”

Na kabla hajapata jibu, karibu na ule mkono uliokunjwa, chini kidogo ya bega la Joy, sauti nyingine nyembamba ikamwita pia. Safari hii haikumwita Mwalimu.

“Mama,” ikasema.